Mshauri Aliye Simuni, Je, Atakufaa?

Mnyakyusa akiamka asubuhi humsalimu jirani yake kwa neno moja, "Ugonile", na maana yake ni kumwuliza kama amelala. Salamu hiyo si ya bure. Wazee walijua kwamba usingizi ni kipimo kikubwa cha afya ya mtu, na kwamba asiyelala ana jambo.

Hivi karibuni tuliletewa barua na mfanyakazi mmoja mzaliwa wa Rungwe, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifanya kazi ya kupasua mbao karibu na Mafinga. Jina lake hatulitaji, maana ameomba hivyo, na ni haki yake. Asema kwamba tangu mwenzake alipoangukiwa na gogo akafa mbele ya macho yake, yapata miezi minne, hajapata usingizi kamili. Akisikia msumeno ukiwashwa mikono humtetemeka. Nyumbani amekuwa mkali kwa watoto pasipo sababu, na mkewe amemwambia waziwazi kwamba yeye si yule mtu aliyeolewa naye. Mpwa wake asomaye chuoni Mbeya amemtumia jina la mshauri nasaha ambaye huzungumza na watu kwa njia ya mtandao, kwa malipo. Barua yamalizika kwa maswali mawili: "Je, nikionekana nazungumza na mtu huyo watasema nina wazimu? Na mtu nisiyepata kumwona, ataweza kunisaidia kweli?"

Twaona kwamba maswali haya si ya mtu mmoja. Dereva wa lori asubiriye mpakani Tunduma, mchuma chai wa Mufindi, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali huko Chunya, mama mwenye duka Mwanjelwa aliyefiwa na mumewe, wote wanazo simu, na katika simu hizo siku hizi hupita matangazo ya watu wanaojiita washauri. Wengine ni wataalamu wa kweli. Wengine ni wachuuzi wa maneno. Tukinyamaza, kila mtu ataamua kwa kubahatisha. Kwa hiyo leo twapenda kusema wazi fikira zetu. Ushauri nasaha wa njia ya mtandao ni jambo jema, nao wafaa kwa watu wengi. Lakini haufai kwa kila mtu wala kwa kila tatizo, na kabla ya kuukubali yampasa mtu aupime, kama apimavyo shamba kabla ya kulinunua.

Tuanze na hofu ya kuitwa mwenda wazimu. Hofu hiyo ina asili yake. Kwa muda mrefu mtu wa nchi hii aliyeugua akili alijua njia moja tu ya hospitali, nayo ilikuwa ya kupelekwa mbali. Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, ikajengwa hospitali ya Mirembe mjini Dodoma. Aliyepelekwa huko alikuwa ameshindikana nyumbani, na pengine alipelekwa kwa kamba. Ndiyo sababu hata leo jina la Mirembe hutumiwa vijiweni kama tusi, ijapokuwa hospitali ile imewatibu watu wengi wakarudi makwao wakaendelea na kazi zao.

Basi watu wakajifunza vibaya. Wakadhani kwamba kuna watu wa aina mbili tu duniani, wazima na wenda wazimu, na kwamba atafutaye msaada wa moyo amejihesabu mwenyewe katika kundi la pili. Jambo hili si kweli hata kidogo. Mtu aweza kuvunjika mguu asiwe kilema, na aweza kuvunjika moyo asiwe mwenda wazimu. Wala yule mgonjwa kweli kweli hana sababu ya kuona haya, maana hakuna aliyeomba maradhi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hasa, hatuna sababu ya kuona ajabu neno "ushauri nasaha". Nani asiyekumbuka mzigo wa UKIMWI tuliobeba? Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, Iringa ilionekana kuwa na watu wazima 11.3 katika kila 100 wenye virusi, na Mbeya 9.3, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa watu 5 hivi. Ni katika mapambano hayo neno lenyewe lilipozoeleka vinywani mwetu. Katika vituo vya ANGAZA na katika zahanati zetu, mtu aliketi kwanza na mshauri, ndipo akapimwa, ndipo akaketi naye tena. Wazee, vijana, wachungaji na askari wote walipita mlango huo. Hakuna aliyeitwa mwenda wazimu, na wengi walio hai leo wana hakika kwamba maneno yale waliyoambiwa siku ile ndiyo yaliyowazuia kujidhuru.

Hata kabla ya hayo, desturi ya kutibu moyo kwa mazungumzo ilikuwapo. Mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, alichapisha kitabu mwaka 1951 akieleza jinsi watu wa huko walivyojenga vijiji vya marika, ili watu wa umri mmoja wakae pamoja, na jinsi walivyothamini sana ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi na kuzungumza kwa usawa. Vijiji vya namna hiyo vimekwisha. Mfanyakazi wa leo analala kambini na watu waliotoka pande zote, rika lake limetawanyika toka Kyela mpaka Dar es Salaam, na huzuni yake hana wa kumwambia ila chupa. Si vibaya basi kama rika hilo likitafutwa upya, hata kwa simu.

Sasa tulitazame swali la pili, ambalo ndilo kubwa: je, mtu asiyeonekana aweza kusaidia?

Kusaidiwa kwa sauti tu si jambo jipya. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alitenga simu kanisani mwake ili mtu ye yote aliyekata tamaa ya kuishi apige na kusikilizwa. Na huo ndio mwanzo wa shirika la Samaritans, ambalo bado lafanya kazi hiyo. Hapa kwetu ipo namba 116 kwa ajili ya watoto na wazazi, isiyotozwa malipo, inayoendeshwa na shirika la C-Sema pamoja na Serikali. Kisha ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, wataalamu wa nchi nyingi walilazimika kuwahudumia watu wao kwa simu na kwa picha. Uchunguzi mwingi umefanywa juu ya jambo hili, kabla ya wakati huo na baada yake, nao waonyesha kwamba kwa huzuni nzito na wasiwasi wa kawaida, mazungumzo ya simu ya picha husaidia karibu sawa na mazungumzo ya ana kwa ana, mradi mshauri awe amefunzwa kazi yake na anayeshauriwa asiache njiani.

Tena tusisahau kwamba umbali nao huua. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe ameeleza hadharani jinsi mgonjwa wake mmoja kijana alivyojiua, na familia yake ikamwambia kuwa walitaka kumleta hospitali lakini hawakuwa na nauli ya basi. Jambo hilo lilimchoma. Mwaka 2006 akawafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, namna ya kumsikiliza mtu na kumwongoza atatue tatizo moja moja, wakiwa wameketi naye kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo kwamba fulani ana mawazo. Matokeo yalipopimwa na kutangazwa mwaka 2016, baada ya miezi 6 watu 14 hivi katika kila 100 waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za huzuni nzito, lakini kwa wale waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa 50 katika 100.

Mafundisho yake kwetu ni mawili. La kwanza, kusikilizwa kwa utaratibu ni dawa, wala si porojo. La pili, dawa hiyo lazima imfuate mtu alipo. Kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Mbeya una watu zaidi ya milioni 2.3, na Iringa karibu milioni 1.2. Wataalamu wa akili ni wachache mno, nao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya na ile ya Rufaa ya Mkoa mjini Iringa. Toka Mafinga mpaka Iringa ni kilomita 80 hivi. Mpasua mbao akiambiwa aende kila wiki kwa miezi miwili, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atapoteza ujira wa siku nzima, na msimamizi atauliza anakwenda wapi. Ataacha baada ya mara ya pili. Kwa mtu wa namna hiyo simu si anasa. Pengine ndiyo njia pekee.

Lakini kwa kuwa jambo ni jema, haifuati kwamba kila alitendaye atakuwa salama. Twamshauri kila afikiriaye njia hii ajiulize maswali matano.

Swali la kwanza: tatizo langu ni la kiasi gani? Huzuni ya kufiwa, hofu iliyobaki baada ya ajali, ugomvi wa nyumbani, wasiwasi wa madeni, upweke wa ugenini, haya yote mshauri wa simuni aweza kuyashughulikia. Lakini mtu asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekwisha kupanga namna ya kujiua, au atetemekaye na kuweweseka kwa kuacha pombe ghafula, huyo si wa kusubiri miadi ya mtandao. Asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali iliyo karibu siku ile ile, na vitu vya kujidhuru viondolewe nyumbani. Kadhalika tukumbuke kwamba mwili nao huweza kuvaa sura ya huzuni: malaria, kifafa, upungufu wa damu na maradhi mengine huweza kumbadilisha mtu tabia. Mshauri aliye Dar es Salaam hawezi kukupima damu. Kwa hiyo mwanzo mwema ni kumwona mganga wa zahanati au hospitali yako mara moja, ana kwa ana, ndipo uingie katika simu.

Swali la pili: ninapo mahali pa kusemea? Swali hili watu wengi hulisahau, na ndilo linaloharibu kazi. Katika nyumba za kambi ukuta ni wa mbao, na jirani akikohoa wamsikia. Utasemaje habari za ndoa yako hali mkwe wako yuko upande wa pili wa pazia? Nani huishika simu yako wewe ukiwa kazini? Ujumbe ulioandikwa hukaa. Hata ujumbe wa malipo uliyotuma kwa simu hukaa na jina la uliyemlipa. Kama wewe ni mwanamke unayepigwa, na anayekupiga ndiye mwenye simu, basi njia hii yaweza kukuongezea hatari, na ni afadhali ufike mwenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Lakini kama unao mti wa mbali na njia, au ofisi ya rafiki saa za jioni, au chumba cha padre, mchungaji au shehe ambaye yuko tayari kukuachia ufunguo kwa saa moja, unapo mahali.

Swali la tatu: huyu ni nani? Tumezoea katika nchi hii ule ujumbe maarufu usemao, ile pesa tuma kwenye namba hii. Matapeli hao hao hawashindwi kujiita washauri. Uliza bila haya. Daktari huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi huandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwenye elimu ya saikolojia au ya ustawi wa jamii atakuambia alisoma chuo gani, mwaka gani, na sasa afanya kazi chini ya nani. Vyuo vyetu vinafundisha watu wa kazi hii, kama vile Muhimbili na Chuo cha Ustawi wa Jamii, basi hapana sababu ya kumkubali asiyejua kutaja shule yake. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Asiye wa kweli hukasirika. Kadhalika, akikuahidi kukuponya kwa siku tatu, mwache. Akikuomba picha ya mwili wako, mwache. Akikukopesha au akitaka umkopeshe, mwache. Akikuambia uache dawa ulizopewa hospitali, usimwache tu, bali ukamshitaki.

Swali la nne: siri yangu itakaa wapi? Hapa hatupendi kumdanganya msomaji kwamba nchi zilizoendelea zimemaliza tatizo hili. Mwaka 2023 Serikali ya Marekani iliibana kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, BetterHelp, ilipe dola milioni 7.8, kwa kuwa iliwaahidi wateja kutunza siri zao, kisha ikapeleka habari zao kwa Facebook na makampuni mengine kwa ajili ya matangazo ya biashara. Huko Finland jambo lilikuwa baya zaidi. Kampuni ya Vastaamo ilikuwa na vituo vya kuwahudumia watu ana kwa ana, lakini maandishi ya mazungumzo yao iliyaweka katika kompyuta zisizolindwa vema. Wezi wakayaiba, na mwaka 2020 maelfu ya watu wakapokea barua za vitisho zikiwataka walipe, la sivyo mambo waliyomwambia mshauri wao yatangazwe. Waliokumbwa ni zaidi ya 30,000. Kampuni ikafilisika, na mwaka 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na kumpa mwenye habari haki ya kujua zinatumiwaje. Itumie. Mwulize mshauri: waandika nini juu yangu? Waweka wapi? Nani mwingine asoma? Je, mwajiri wangu akikuuliza utamjibuje? Tena ujue kwamba mshauri mwaminifu atakuambia mapema kwamba ipo siri asiyoweza kuitunza, nayo ni pale uhai wako au wa mwingine unapokuwa hatarini. Huyo hakuvunjii heshima. Anakuonyesha kwamba anaijua kazi yake.

Swali la tano: nitaweza kuendelea? Mkutano mmoja hauponyi. Kwa kawaida kazi hii huhitaji mikutano 6 au zaidi. Basi piga hesabu kabla hujaanza: malipo ya mshauri, bando, na saa za mtandao mzuri. Mazungumzo ya picha kwa saa moja huweza kula mamia ya megabaiti, na pale Kilolo au Makete penye mabonde mtandao hukatika katikati ya sentensi. Usione haya kumwambia mshauri mtumie simu ya kawaida ya sauti, yatosha. Mkubaliane pia mtafanya nini mtandao ukikatika, na nani aliye karibu nawe aitwe kama hali ikizidi. Baada ya mkutano wa nne jipime mwenyewe: je, nalala zaidi? Nagomba kidogo? Narudi kazini bila hofu? Kama hakuna badiliko hata moja, mwambie, na kama hakuna jibu la maana, tafuta mwingine. Hakuna ubaya kumbadilisha mshauri, kama vile hakuna ubaya kumbadilisha fundi.

Neno moja juu ya mashine. Vijana wengi sasa wanaiandikia kompyuta huzuni zao, nayo huwajibu kwa maneno laini. Jambo hili nalo lina historia. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitengeneza programu iliyoitwa ELIZA, iliyorudisha maneno ya mtu kwa namna ya swali. Na hata karani wake, aliyejua kuwa ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum aliogopa alichokitengeneza. Mashine za leo zina maneno mengi zaidi, na si vibaya kuziuliza maana ya ugonjwa au mahali pa hospitali. Lakini mashine haitauliza mbona hukuonekana kazini jana. Haitampigia mkeo simu usiku. Tusiiite mshauri.

Tumrudie basi ndugu yetu wa Mafinga. Ndugu, kwa maoni yetu njia hii yakufaa, kwa sharti lake. Nenda kwanza hospitali ya Mafinga, umweleze mganga mambo yote uliyotuandikia sisi: usingizi, mikono, hasira. Mambo hayo yanajulikana sana kwa watu walioshuhudia kifo cha ghafula, nayo hutibika. Akiona inafaa akupe mapumziko, ujue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zifuatazo kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha mganga anayetambuliwa. Cheti hicho mshauri wa simuni asiyetambulika hawezi kukupa. Kisha mwulize yule mshauri wa mpwa wako maswali tuliyoyataja. Akiyajibu vema, anza. Na mkeo mwambie. Yeye ameyaona mabadiliko kabla yako, na amekaa nayo miezi minne bila mshauri ye yote. Hata watoto waambie, kwa maneno ya kitoto, kwamba baba anaumwa na anatibiwa, wasije wakadhani wamekosa wao.

Kwa wengine wasiomo katika tatizo hilo twasema hivi: usimcheke mwenzako aliyejitenga chini ya mti na simu sikioni. Mwenye kovu usidhani kapoa. Gogo lile halikumpiga yeye, lakini alama yake anayo.

Mwisho twawageukia wenye viwanda, wenye mashamba, na halmashauri zetu. Isidhaniwe kwamba simu imewapunguzia wajibu. Simu ni daraja. Ng'ambo ya daraja lazima pawe na mtu, na mtu huyo lazima afundishwe, aajiriwe na alipwe. Kila hospitali ya wilaya katika nyanda hizi yahitaji mtaalamu wa kudumu wa mambo ya akili, si mgeni apitaye kwa mwezi mara moja. Hilo litachukua miaka na fedha, nasi twalijua.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji miaka wala fedha nyingi. Katika kila kiwanda cha mbao, kila shamba la chai, kila karakana ya reli na kila shule ya bweni, toka Iringa mpaka Tunduma, kipatikane chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa, kiti, na mtandao unaoshika. Mfanyakazi aliye na miadi na mshauri wake apewe saa moja, bila kuulizwa mbele ya wenzake anakwenda kusema nini. Ajali ikitokea, walioishuhudia waitwe mmoja mmoja, waulizwe hali zao kabla ya kurudishwa kwenye msumeno. Vyama vya wafanyakazi vilichukue jambo hili katika mikutano yao na waajiri, kama vinavyochukua habari za kofia ngumu na mabuti. Kofia huzuia gogo lisipasue kichwa. Hakuna kofia ya kuzuia lile ambalo macho yamekwisha kuliona. Hilo latibiwa kwa mtu kuketi na mtu, pasipo haraka, penye mlango uliofungwa.

Siku chumba hicho kitakapokuwapo, mpasua mbao wa Mafinga atakaposalimiwa asubuhi "Ugonile", ataweza kujibu kwa kweli kwamba amelala.